Sura ya Sita: Nyumba ya Kupanga Ubwari

Upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, kuanzia mdomo wa mto Rusizi kwenda kusini hadi Fizi, msafiri anayetafuta kisiwa kidogo chenye nyumba ya kupangisha atatafuta bure. Atapata Ubwari. Kwenye ramani Ubwari ni rasi, mgongo wa mlima ulioshikana na bara upande wa kusini, ukanyooka ndani ya ziwa kuelekea kaskazini hadi ncha ya Banza, na maji ya ghuba yakiutenga na pwani ya Baraka. Katika maisha ya kila siku ni kisiwa. Chumvi, sabuni, bati, daftari za shule, mgonjwa anayepelekwa hospitali na maiti inayorudishwa kwao, karibu vyote hupita majini.

Richard Burton na John Speke walipopita hapa Aprili 1858 wakielekea Uvira, waliandika kwamba Ubwari ni kisiwa, na wasomaji wao Ulaya wakaamini hivyo. Ilibidi Henry Morton Stanley alizunguke ziwa lote mwaka 1876 ndipo ghuba ile ichorwe vizuri, ikapewa jina la Burton, mtu ambaye hakuwahi kuijua. Wabwari wenyewe walijua siku zote pale mlima wao unapogusa bara.

Nimepanga nyumba Ubwari zaidi ya mara moja, nikitokea kwetu Kalundu, na sura hii ni ya msomaji anayefikiria kufanya hivyo. Matangazo ya utalii humwahidi mtu kisiwa kitupu: mchanga, mnazi, na ukimya usio na jirani. Mimi sina ahadi hiyo. Ubwari una watu, na nyumba utakayolala imeshapangwa na wengine wengi kabla yako, kwa sababu nzito kuliko ya kupumzika. Ukijua ni nani hao, utajua namna ya kukaa pale.

Wa kwanza ni wavuvi na akina mama wa ndagala. Ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi miwili hufungwa pamoja kwa miti, wavu unashushwa katikati, taa zinawashwa juu ya maji, na ndagala wanafuata mwanga. Nyuma yao wanakuja mikeke, ambao wanawafuata ndagala kwa ajili ya kula. Zamani zilikuwa taa za karabai zenye sauti ya kupuliza, ambazo mtu aliye nchi kavu aliweza kuzisikia usiku wa upepo mdogo. Sasa nyingi ni taa za betri. Kwa vyovyote, kazi hii inataka giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mwanga wa taa hauna nguvu tena, samaki wanatawanyika, na wavuvi wanapumzika kwa siku kadhaa, wakishona nyavu na kuziba mitumbwi.

Basi kwenye pwani za uvuvi maisha yote yanakwenda kwa kalenda hiyo. Mvuvi anayefuata samaki kutoka ufuko mmoja hadi mwingine hupanga chumba kwa majira ya giza. Mama mchuuzi anayetoka Uvira au Baraka hufanya vilevile: anapanga chumba na kipande cha uwanja wa kuanikia, ananunua ndagala wakiwa wabichi alfajiri, anawaanika, anawageuza, anawafukuza kuku, na mvua ikitishia anawakusanya mbio chini ya bashi. Akishajaza magunia, anapanda boti. Nilipoanza kuzungumzia kodi na baba mwenye nyumba, alinitazama, akanitazama tena, kisha akauliza: «Wewe hauvue, haununue ndagala. Sasa tukuhesabie namna gani?» Nilimwomba anihesabie kama mama mchuuzi. Akakubali, na kuanzia hapo nikawa na mahali pangu pa kueleweka kijijini.

Nalikazia jambo hili kwa sababu mgeni wa mapumziko akifika pwani kama hii hana jina. Hanunui, havui, hahubiri, hatibu, haandikishi watu kwa ajili ya mradi. Katika nchi iliyoona vita kama yetu, mtu asiye na shughuli anatia wasiwasi, na wasiwasi huo ni wa haki. Kwa hiyo siku ya kwanza si siku ya kuoga ziwani. Ni siku ya kwenda kwa shefu wa kijiji pamoja na mwenye nyumba, kuonyesha kitambulisho, kusema umetoka wapi, umefikia kwa nani na utaondoka lini. Mwenye nyumba ndiye anayekubeba mbele ya kijiji. Jambo likitokea, ataulizwa yeye kabla yako. Kodi unayompa inalipia hilo kuliko inavyolipia kuta nne na bati.

Wageni wa ziwa hili wana historia ndefu, na wengi wao waliishi kwa hisani ya mtu mmoja. Machi 1858 Speke alivuka kutoka pwani ya mashariki ili kukodi jahazi, akafikia kisiwa kidogo cha Kasenge, karibu na pwani ya magharibi, nyumbani kwa Sheikh Hamed bin Sulayyim, mfanyabiashara Mwarabu. Alipokewa vizuri, akalishwa, akapewa mahali pa kukaa. Jahazi halikupatikana: mwenyewe alikuwa na safari zake za bara na biashara yake, na Speke akalazimika kungoja, kisha kurudi bila chombo. Hata kabla ya kufika Kasenge, katika kisiwa kingine njiani, mdudu alikuwa amemwingia sikioni usiku wa dhoruba na kumtesa kwa siku nyingi. Nikisoma habari ile naona mgeni aliyetegemea mambo mawili ambayo hakuweza kuyaamuru, yaani chombo cha mtu na moyo wa mwenyeji. Karne na nusu imepita na mpangaji wa leo Ubwari bado anategemea hayo hayo.

Miaka ya 1880 Edward Hore, nahodha wa wamisionari wa London Missionary Society, aliishi katika kisiwa cha Kavala, kusini zaidi kwenye pwani hii ya magharibi, pamoja na mkewe Annie na mtoto wao mdogo. Annie alikuwa amesafirishwa kutoka pwani ya Bahari ya Hindi akibebwa kwenye kiti, na mwaka 1886 kitabu chake kuhusu safari hiyo kilichapishwa. Huku Ubwari, wamisionari wa White Fathers walijenga kituo cha Kibanga mwaka 1883, wakakiita Lavigerieville kwa heshima ya kardinali wao. Kituo kile hakikukimbiliwa kwa ajili ya mandhari. Watu walikikimbilia kwa sababu majeshi ya wafanyabiashara wa watumwa yalikuwa yakipita pwani hii, na Ubwari na nchi jirani ya Masanze ziliumizwa sana na biashara hiyo. Maradhi yalikimaliza kituo baada ya miaka kama kumi.

Wapo waliofika kwa silaha. Mwaka 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akakaa miezi kadhaa katika milima ya Fizi na kambi ya ufukoni huko Kibamba, kusini ya hapa, kabla ya kuondoka usiku kwa boti jinsi alivyokuja.

Na wapo waliofika kwa kukimbia, ambao ndio wengi kuliko wote. Vita vilipoanza Uvira Oktoba 1996, watu wa Kivu Kusini walivuka kwa maelfu kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili yao. Tangu hapo, kila vita vikirudi, pwani hii imekuwa mahali pa kungojea chombo. Wazee niliokaa nao husimulia vyumba vilivyojaa watu hadi barazani, mama wamelala na watoto juu ya magunia ya ndagala, wakisubiri upepo utulie. Mzee mmoja aliniambia kwamba hakumbuki kama siku zile kuna mtu aliyetaja kodi. Februari 2025, baada ya Bukavu kuanguka mikononi mwa waasi, ilikuwa tena zamu ya Uvira: watu walivuka mpaka kuingia Burundi, na wengine wakashuka Kalundu kutafuta boti za Kalemie. Ninapolala katika chumba cha Ubwari nikisikiliza mawimbi kwa raha, najua kwamba mawimbi hayo hayo yalisikilizwa na watu waliokuwa wakihesabu kama mtumbwi utabeba familia nzima au nusu yake. Siwezi kuandika juu ya mapumziko mahali pale bila kuwataja.

Sasa tuingie kwenye safari yenyewe.

Kalundu iko kusini mwa mji wa Uvira, pale milima ya Mitumba inapokaribia maji kiasi kwamba barabara na nyumba zinabanana kwenye ukanda mwembamba. Bandari yake, iliyo chini ya shirika la reli SNCC, ilijengwa kwa ajili ya mizigo mikubwa ya Kalemie, Kigoma na Mpulungu. Boti za mbao zenye injini, zinazobeba watu na bidhaa za pwani, zina fukwe zake. Ukiuliza saa ya kuondoka utajibiwa kwamba ni boti ikijaa, na inajazwa kwelikweli: unga, saruji, kreti za bia, godoro, mbuzi, na juu yake abiria. Njia mbadala ni barabara ya taifa namba 5 hadi Baraka, kupitia Makobola, Mboko na Lusenda, kisha kuvuka ghuba kwa mtumbwi wa injini. Njia hii inachosha mgongo, nami naipendelea, kwa sababu kuvuka ghuba ni kufupi kuliko kukata ziwa kutoka Kalundu.

Naomba msomaji asome aya hii kwa makini kuliko zote. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofikia mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake linalolizidi kina. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini unapata nafasi ndefu ya kukimbia juu ya maji, na mawimbi yake yanamkabili uso kwa uso anayetoka Kalundu kwenda Ubwari. Wakati wa mvua hatari ni ya namna nyingine: dhoruba inashuka ghafla kutoka milimani, inapiga, inapita, na mtumbwi uliojazwa kupita kiasi hauna muda wa kufika ufukoni. Disemba 2014 meli ya Mutambala ilizama usiku upande wa Kalemie, na watu zaidi ya 100 walikufa. Msiba ule ulisikika hadi nje ya nchi kwa sababu ya wingi wa waliokufa. Mitumbwi midogo inayozama na watu watano au kumi haiandikwi popote. Kwa hiyo nenda na jaketi lako la kuelea, lako mwenyewe, uliloliangalia mishipi yake ukiwa nyumbani. Likiwa limebaki sokoni, safari ingoje. Maji yakiwa yamekaa vibaya na nahodha akisema tusubiri, mshukuru. Maji yakiwa yamekaa vibaya na nahodha akisema twende, shuka na mzigo wako, hata kama abiria wenzako watakucheka na nauli itapotea.

Nyumba utakayoikuta ni ya matofali ya udongo, mara nyingi yamechomwa, na paa la bati au nyasi. Vyumba viwili au vitatu, sakafu ya udongo uliopigwa au saruji, jiko nje, choo nyuma. Umeme ni wa jua kwa anayeweza kununua paneli: taa mbili na mahali pa kuchajia simu. Kitanda kipo, godoro huenda lipo. Chandarua leta chako, kwa maana malaria ya ziwani haichagui msimu.

Angalia nyumba imesimama wapi kabla ya kuangalia ikoje. Ziwa hili linapanda na kushuka kwa namna ambayo mtu wa miaka thelathini anaweza asiijue. Maji hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie, na katikati ya karne ya kumi na tisa mto huo ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Ziwa likapanda hadi mwaka 1878 hivi, kizuizi kikavunjika, na maji yakashuka kwa mita zipatazo kumi katika miaka iliyofuata. Miaka ya 1960 yakapanda tena. Kisha kuanzia 2020, na zaidi mwaka 2024, sisi wa Kalundu tuliona ziwa likiingia katika nyumba ambazo wenyewe walizijenga wakiamini wako mbali na ufuko. Bandari iliguswa, fukwe za kushushia mizigo zikapotea, familia zikahamia kwa ndugu zao juu zaidi. Wazee walikuwa wamesema. Bibi mmoja aliyekumbuka maji ya miaka ya sitini alijua yatafika wapi, kwa sababu yalishafika.

Kuna adui wa pili anayetoka juu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika katikati ya Uvira, ukabomoa madaraja na nyumba na kuua makumi ya watu kwa usiku mmoja. Mito yetu ni mifupi na mikali; inatoka mlimani na kumwaga mawe kwenye uwanda mdogo ambao ndio huo huo watu wanaupenda kwa kujenga, kwa kuwa ni tambarare. Ubwari una vijito vya aina hiyo. Nyumba nzuri, kwa macho yangu, ni ile iliyo juu ya mstari wa mti mkubwa wa mwembe au mchikichi ulioota kabla ya baba wa mwenye nyumba kuzaliwa, na iliyo kando ya njia ya kijito, isiwe mdomoni mwake. Mandhari yake ya ziwa itapungua kidogo. Utalala.

Halafu maji ya kunywa. Yakiwa mbele yako, safi hadi unaona mawe yaliyo mita kadhaa chini, ni vigumu kuamini kwamba ni hatari. Lakini kipindupindu kiliingia mashariki mwa Kongo mwaka 1978 na hakijatoka. Uvira, Baraka na fukwe za Fizi ni miongoni mwa sehemu ambazo kinarudi mara kwa mara, hata ikabidi kampeni ya chanjo ifanywe Uvira mwaka 2020. Sababu yake haina siri: watu wanachota, wanafua, wanaoga na wanajisaidia kwenye maji yaleyale, kwa kuwa bomba halijafika au limekatika. Mama wa nyumba niliyopanga alinipangia mambo tangu jioni ya kwanza: «Mwanangu, ya kunywa iko mu bidoni ya manjano, ile tumetia dawa. Ya ziwa ni ya kuoga.» Tulitii wote, mimi na watoto wake, na bidoni ile ya manjano ilikaa ndani na si barazani, ili asije mtu akaichanganya.

Ukishajua mahali pa kulala na maji ya kunywa, siku zinafunguka. Asubuhi mitumbwi inarudi jua likichomoza juu ya milima ya Burundi, na ufuko unakuwa soko kwa saa moja au mbili. Bei hupigwa kwa beseni, kwa sauti kubwa, na mgeni akae kando. Kununua beseni zima kwa bei ya mtalii kunamharibia mama mchuuzi siku yake. Ngoja, na mwenye nyumba atakununulia. Mkeke mbichi uliochomwa kwa makaa, na ugali wa muhogo, na sombe iliyotiwa mawese ya Fizi, ni chakula ambacho sijakiona kikishindwa na chochote katika hoteli za mjini. Ndagala wabichi waliokaangwa palepale wana utamu ambao haufiki Uvira, achilia mbali Bukavu.

Mchana, nenda kwenye mawe. Tanganyika ina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Wanaishi kwenye miamba ya ufukoni, wengine hawatoki kabisa kwenye ufuko wao, hata samaki wa jabali moja na wa jabali lililo ng'ambo ya mchanga wakatofautiana rangi. Mtoto wa Ubwari anawaona kila siku akichota maji na hawatilii maanani. Ujerumani na Marekani kuna watu wanaowafuga kwenye matangi ya kioo sebuleni na kuwaita kwa majina ya fukwe zetu. Uvira tuna kituo cha utafiti wa maji na samaki, CRH, kilichorithi kazi iliyoanzishwa na wanasayansi wa wakati wa Wabelgiji, na watafiti wake wameendelea kufanya kazi katika miaka ambayo mishahara ilikuwa haba na barabara zimefungwa. Watu hao wanastahili kujulikana na kila mwanafunzi wa Kivu Kusini. Usishike nyoka wa majini ukimwona kati ya mawe. Ni swila anayekula samaki, hana ugomvi na wewe, naye anataka nafasi yake.

Ncha ya Banza ina ajabu nyingine. Ziwa hili limekaa ndani ya ufa wa bara, na ardhi chini yake haijatulia. Mwaka 1991 watafiti walizamia kwenye ncha hiyo na mahali paitwapo Pemba, kaskazini zaidi, wakakuta chemchemi za moto zikitoka kwenye sakafu ya ziwa. Banza walipima maji yenye joto kati ya nyuzi 66 na 103, yakitoka katika vibomba vidogo vya mawe vilivyojengwa na madini ya maji yenyewe. Mambo ya namna hiyo yalizoeleka kutafutwa kwenye vilindi vya bahari. Hapa yapo mbele ya kijiji cha wavuvi.

Nikijiuliza Ubwari ungepokeaje wageni zaidi, nimewahi kufikiria sana kuhusu Chumbe, kisiwa kidogo karibu na mji wa Unguja. Tangu 1994 matumbawe yake yamehifadhiwa kisheria, na wageni hulala katika vibanda saba tu, vinavyokinga maji ya mvua paani, vyenye umeme wa jua na vyoo visivyotumia maji. Waliokuwa wavuvi waliajiriwa kuwa walinzi, na fedha ya wageni inalipia hifadhi pamoja na ziara za wanafunzi. Kuna mambo mawili pale ambayo Ubwari unaweza kuyachukua: udogo, na kazi kubaki kwa watu wa majini. Jambo moja haliwezi kuchukuliwa. Chumbe hakikuwa na kijiji. Ubwari una vijiji vingi na makaburi ya mababu. Yeyote atakayekuja na mchoro wa hoteli ya vibanda ishirini kwenye ufuko wa kuanikia ndagala, akisema kwamba ataleta maendeleo, ajibu kwanza akina mama wataanika wapi.

Na uvuvi wenyewe unabanwa. Samaki wamepungua, nyavu za matundu madogo zimeongezeka, na mwaka 2024 kukawa na zuio la uvuvi la miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Naliona zuio hilo kuwa la lazima. Lakini miezi mitatu bila giza la kazi ni miezi mitatu bila mvuvi wa kupanga chumba wala mama wa kununua, na mwenye nyumba anaubeba upungufu huo bila kulipwa na yeyote. Hapo ndipo mgeni wa mapumziko anakuwa na maana halisi. Msimu huo ni wa kiangazi, hakuna mvua, nyumba ziko tupu. Upepo wa kusini ni mkali, kwa hiyo apite Baraka, avuke ghuba asubuhi mapema. Kodi yake ya miezi hiyo inaingia katika nyumba ambayo haina kipato kingine.

Kwa wenye nyumba wa Ubwari nina neno moja la mwisho, na ninalisema kama jirani wa ng'ambo. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Serikali, na anayeishi kwa haki ya mila bila hati ana ulinzi dhaifu mbele ya mtu wa mjini mwenye karatasi. Barabara itatengenezwa siku moja, amani ikija wageni wataongezeka, na viwanja vya mbele ya ziwa vitatafutwa na watu wenye fedha. Msingoje siku hiyo. Pimeni viwanja vyenu, andikeni mipaka pamoja na majirani na shefu, tafuteni hati kwa pamoja kama kijiji ili gharama igawanyike, na uwanja wa kuanikia ndagala uandikwe kwa jina la wote.